Pipa la Mzee Safi

Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Safi alikuwa akiosha maji ya mji mzima, na hakuna mtu aliyewahi kumshukuru, kwa kuwa maji safi hayana shukrani. Machafu ndiyo yanayokumbukwa. Hakuwa mhandisi. Wahandisi walikaa ghorofani wakitia saini. Yeye alikuwa chini, kwenye vichujio, yale masanduku makubwa ya zege yaliyojaa mchanga na kokoto, na kazi yake ilikuwa kuyasukutua kila zamu mpaka mchanga ung'ae, kisha kuhakikisha klorini imetiwa ya kutosha, kisibaki kijidudu hata kimoja. Jina la Safi walimpa wenzake kwa kumkejeli, siku walipomkuta akilifuta kwa kitambaa bomba lililokuwa linakwenda kufukiwa ardhini. Yeye akalipokea kama cheo.

Siku ya kustaafu aliagwa kwa hotuba ya dakika nne, mbili kati ya hizo zikimhusu mtu mwingine. Akaenda nyumbani kwa mkewe, akalala siku mbili mfululizo, na ya tatu akaamka na nguvu za kijana asiye na pa kuzipeleka.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Karakana yake ilikuwa baraza ya mbele: cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, benchi la wateja, na malundo ya vitambaa ambayo kwa macho ya mgeni yalikuwa fujo tupu. Lakini mama huyo angeweza kufumba macho akanyoosha mkono na kuitoa zipu nyeusi kutoka chini ya kitambaa cha maua, kwa sababu ndiye aliyeiweka hapo, na aliiweka hapo kwa sababu yake mwenyewe.

Mzee Safi akaanza kupanga. Nyuzi akazipanga kwa rangi, vifungo kwa ukubwa, pini akazitia kwenye kopo lenye kifuniko kisichofunguka. Mabaki ya vitambaa akayachoma, na ndani ya mabaki hayo kulikuwa na mikono miwili ya gauni la mtu. Mlangoni akaweka tambara la kufutia miguu, akawa anasimama pembeni kuhakikisha limetumika. Waliokuja kupimwa nguo walipata na mafunzo ya bure juu ya kuhifadhi maji ya kunywa. Mkewe alikuwa akisema, "Asante, mzee wangu," kwa sauti iliyozidi kupungua wiki hadi wiki, na mzee wake aliisikia ile asante bila kuisikia sauti.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na bwawa. Zamani lilikuwa shimo la tangi ambalo hakuwahi kulimaliza. Alipostaafu akalisakafia, akalijaza maji, akatia perege kumi na wanane. Kinyozi hajinyoi, wahenga walishasema, na mtu aliyeunywesha mji mzima maji meupe akawa na bwawa la kijani kizito, lenye povu pembeni na harufu ya soksi zilizosahaulika ndani ya viatu. Samaki walionekana pale tu walipokuja juu kutwetea hewa.

Alasiri moja mkewe alisimamisha cherehani, akavua miwani.

"Mzee wangu, nimepata fremu ya duka kule karibu na soko. Nataka kuhamishia kazi huko."

"Huko kuna nini ambacho hapa hakipo?"

Mama alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga, kisha akatazama upande wa uani. "Harufu," akasema. "Bwawa linanuka. Wateja wanalalamika."

"Lini unahama?"

"Mwezi ukiisha."

Mzee Safi aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa sana. Miaka yote ya zamu za usiku alikuwa amelala mchana katika nyumba ile, na kilichomlaza ni mlio wa cherehani ile ile kupitia ukuta. Watoto wameshaondoka, kila mmoja na mji wake. Alijiona akikaa peke yake ndani ya nyumba iliyofagiwa, asubuhi mpaka jioni, na wazo hilo lilimtisha kuliko siku bomba kuu lilipopasuka mikononi mwake. Lakini pia alipata faraja, kwa kuwa tatizo lenyewe lilikuwa la maji. Kama kuna kitu duniani alichokijua, ni namna ya kuyaondolea maji harufu.

Alianza kwa kwenda kuuliza bei ya chujio la dukani. Muuzaji akamtajia, na mzee akaomba arudie, akidhani ametajiwa namba ya simu. Akarudi nyumbani kulitengeneza mwenyewe.

Pipa la plastiki lilipatikana kwa muuza sabuni ya maji. Alilisuuza mara kumi na moja, kwa sababu mara kumi hazikumridhisha. Pampu ndogo aliitoa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa, iliyokuwa imelala kwa fundi wa redio. Sponji aliikata kutoka godoro la chumba cha wageni bila kumwambia mwenye nyumba, yaani mkewe. Chini ya pipa akapanga kokoto kubwa, juu yake kokoto ndogo, kisha mchanga wa chengachenga, kisha mkaa uliopondwa na kutiwa kwenye mifuko ya wavu ya vitunguu, na juu kabisa vipande vya godoro. Pampu ilivuta maji bwawani na kuyamwaga juu ya pipa. Yakapita godoro, mkaa, mchanga na kokoto. Yakatokea kwenye bomba la chini na kurudi bwawani. Palipovuja akapafunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kazi nzima ilichukua siku sita, na gharama yake haikufika bei ya jozi ya viatu.

Siku ya nne tangu awashe pampu, maji yakaanza kupauka. Baada ya wiki ungeweza kuhesabu magamba ya samaki kutoka juu. Mzee Safi alimwita mkewe aje atazame, naye akaja, na uzi bado mdomoni.

"Maji meupe," mama alikiri.

"Na bado. Sasa ndiyo naanza kulitunza."

Hapo uzoefu wake wa kazi ukaingia, na samaki wakaanza kufa.

Kila asubuhi, kabla ya chai, alizima pampu, akatoa sponji na mkaa na kokoto, akavifungulia maji ya bomba, akavisugua kwa brashi. Alikuta ute wa kahawia umevishika, mlaini, wa kuteleza, na alifurahi kuuona kama askari anavyofurahi kumwona mwizi anayemfahamu. Akauondoa wote. Ulipojaribu kurudi, akaongeza kijiko cha dawa ya klorini kwenye maji ya kuoshea, kisha akasuuza, kisha akarudisha kila kitu mahali pake kikiwa cheupe kama vyombo vya hospitali.

Bandubandu huisha gogo. Jumatatu perege mmoja, Jumatano wawili. Zamani wangekufa kisirisiri ndani ya ukijani. Sasa maji yalikuwa meupe kiasi kwamba kila jirani aliyechungulia juu ya ukuta aliwaona wakifa vizuri kabisa. Mzee Safi akahitimisha kuwa haoshi vya kutosha. Akawa anaosha na jioni. Walipobaki kumi na mmoja, simu ikapigwa: dada yake mkubwa ameteleza, amevunjika mguu, hana mtu wa kumsaidia.

Ilibidi aende. Usiku wa kufunga begi alimwandikia mkewe maelekezo ya kuosha chujio, hatua nane, na ya nane ikiwa kurudia ya kwanza. Alilifunga pipa kwa kamba ili paka wasiingie, kwa fundo la mafundi wa maji, akampa brashi mkononi kama mtu anayekabidhi funguo za benki.

"Asubuhi na jioni," akasema.

"Asubuhi na jioni," mama akaitikia. "Nenda kamuuguze wifi. Na mimi sitahama wewe ukiwa hupo. Watu watasema nimekukimbia."

Alikwenda kwa wiki moja, akakaa tano. Mguu wa dada mtu haukuwa na haraka, na jiko la dada mtu lilihitaji kupangwa. Mwishowe dada akaanza kutembea siku kadhaa kabla ya daktari kumruhusu, akasema amepona, akamshikia ndugu yake begi mpaka stendi.

Aliporudi aliona jambo la kwanza barazani. Benchi lilikuwa limejaa. Kulikuwa na wateja wanne wamekaa na wawili wamesimama, wanacheka, na mkewe katikati yao na futi shingoni, anacheka naye. Malundo yalikuwa yamerudi hadi kwenye dirisha. "Harufu imekwisha," Mzee Safi akajiambia, moyo ukamjaa. "Tazama watu walivyorudi." Akawasalimia, akawaonyesha tambara mlangoni, akapita uani.

Maji hayakuwa meupe sana. Yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, lakini harufu mbaya ilikuwa imekwisha. Yalinukia kama udongo baada ya mvua. Perege walikuwa kumi na mmoja vilevile, wamenenepa, na kwenye kina kifupi kulikuwa na wingu la vifaranga wembamba kama sindano.

"Uliosha?" alimuuliza mkewe jioni.

"Kama ulivyoandika," mama akajibu, huku akitafuta mkasi ambao ulikuwa mkononi mwake.

Asubuhi Mzee Safi alikwenda kwenye pipa akiwa anapiga mluzi. Mluzi ukakatika. Brashi ilikuwa kavu, na buibui alikuwa ameshafanya makazi kati ya brashi na ndoo. Na ile kamba ilikuwa na fundo lake lilelile, fundo ambalo mkewe angeweza kulifungua lakini hakujua kulifunga. Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa fupi kama kamba yenyewe. Wiki tano pipa lile halikuguswa.

Mzee Safi alitaka kwenda barazani akaseme, "Hukuosha." Lakini mtu akisema "hukuosha," inabidi aseme na linalofuata, kwamba samaki wamenenepa na wamezaa, na hilo hakuwa tayari kulitamka mbele ya wateja wala peke yake. Basi akafungua fundo, akatoa ule ute, ambao sasa ulikuwa mnene, akausugua wote kwa maji ya bomba na kijiko cha klorini. Alisugua kwa hasira kidogo. Alhamisi perege wawili walielea.

Alikwenda kwa mama aliyemuuzia samaki, mwanamke mwenye matangi yake kando ya barabara, aliyeitwa Mama Vifaranga na kila mtu pamoja na watoto wake mwenyewe. Akamweleza kwa kirefu. Mama Vifaranga alikuwa akihesabu samaki kwenye mfuko na hakuacha kuhesabu.

"Unaosha kwa maji gani, mzee wangu?"

"Ya bomba. Safi kabisa. Hayo nimeyatengeneza mwenyewe miaka thelathini na mmoja."

"Yana klorini?"

"Kama inavyotakiwa," akasema kwa fahari.

Mama Vifaranga akaacha kuhesabu. "Sikiliza, baba. Samaki anajisaidia humohumo anamolala. Ile ni sumu, na haionekani kwa macho, hata maji yawe meupe vipi. Ndani ya pipa lako kuna vijidudu vinavyoila hiyo sumu. Vinakaa kwenye ule ute. Wewe kila asubuhi unaviua, halafu unakuja kwangu na uso mrefu."

"Ule ute ni uchafu."

"Ni uchafu, ndiyo. Ndio unaofanya kazi."

"Sasa mtu anaosha lini?"

"Maji yakikataa kupita. Tena unasuuza nusu tu ya sponji, kwa maji ya bwawa lenyewe. Siku nyingine zote unaacha."

"Naacha?"

"Unaacha, baba. Unakaa."

Alirudi kwa miguu ingawa jua lilikuwa kali. Maisha yake yote vijidudu vilikuwa maadui wa serikali, naye askari wake. Sasa, akiwa na miaka sitini na moja, anaambiwa walikuwa wafanyakazi wenzake, na kwamba alikuwa akiwafuta kazi mara mbili kwa siku. Iliuma. Lakini alikuwa mtu wa vipimo, na vipimo vilikuwa vinaogelea palepale uani: kumi na mmoja bila yeye, tisa pamoja naye. Akaacha kuliosha pipa.

Tatizo likabaki kwa mkewe. Angesema nini akiulizwa mbona haoshi? Mtu mzima hawezi kuamka tu siku moja na kukubali kwamba uvivu wa mwenzake una akili kuliko bidii yake. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya chai alikwenda nyuma ya pipa, akachuchumaa, akasugua kwa brashi ndoo tupu. Alisugua kwa robo saa, akakohoa mara moja moja, kisha akaja mezani akifuta mikono mikavu.

Perege hawakufa tena. Na ule muda aliokuwa akiumaliza kwenye pipa, karibu saa mbili kwa siku, ukabaki mikononi mwake. Aliupeleka barazani.

Akatengeneza rafu. Akabandika majina kwenye makopo. Akaanzisha daftari la foleni ili mteja aliyefika kwanza ahudumiwe kwanza, hata kama amekuja kuzungumza tu. Benchi likawa na watu watatu, kisha mmoja, na kufikia mwisho wa mwezi lilikuwa na vumbi, ambalo alilifuta. Akashangaa, maana bwawa halikunuka. Alikwenda hata kuinama na kunusa, mara tatu, kwa nyakati tofauti za siku.

Asubuhi moja ya Jumamosi mkokoteni ulisimama mbele ya nyumba. Mwenye mkokoteni alikuwa mwanamume wa makamo, na kamba begani.

"Mama, nimekuja kuchukua cherehani," akasema.

Mzee Safi alitoka uani na brashi mkononi. Mkewe alikuwa ameshakunja meza ya kukatia.

"Bwawa halinuki tena," mzee akasema.

"Halinuki," mama akakubali.

"Sasa unakwenda wapi?"

Mama alimwomba mwenye mkokoteni asubiri kivulini. Akakaa kwenye kiti chake cha kazi, akaweka mikono juu ya cherehani, akaitazama mikono hiyo.

"Bwawa halikuwa linanuka kiasi hicho, mume wangu. Nilikosa la kusema."

"Wateja walilalamika. Ulisema mwenyewe."

"Walilalamika, ndiyo. Juu yako." Alisema taratibu, kama mtu anayefumua mshono bila kutaka kuchana kitambaa. "Watu wanaogopa kukaa hapa. Mimi mwenyewe naogopa kuweka kitu chini. Nikiinua mkono uzi haupo. Ulipokwenda kwa wifi nilishona nguo nyingi kuliko za mwaka mzima. Nilikukumbuka kila siku, nisikudanganye. Na kila siku niliomba wifi asipone haraka. Hebu mfikirie mtu anayeomba dua ya namna hiyo."

Mzee Safi alitafuta jambo la kumshitaki naye, akapata moja tu.

"Na pipa hukuliosha."

"Sikuligusa. Nilikuwa na nguo za watu."

"Nilijua."

"Na wewe unasugua ndoo tupu," mama akasema. "Inasikika mpaka hapa."

Mwenye mkokoteni kule kivulini akajifanya anakagua gurudumu. Mzee Safi alitazama rafu zake, makopo yenye majina, daftari la foleni lenye kurasa nyeupe. Mtu wa vipimo hawezi kukataa vipimo kwa sababu tu vinamhusu mwenyewe. Benchi lilijaa bila yeye. Pamoja naye lilikuwa tupu. Aibu ikampanda polepole, na nyuma yake ukaja uchungu, kwa kuwa alikuwa ameipenda baraza ile, na alikuwa ameisugua kwa mapenzi hayohayo.

"Nikiacha?" akauliza.

"Kuacha nini?"

"Haya yote. Nikae tu."

"Utaweza?"

Kazini, mtu akimuuliza Mzee Safi swali, alijibu kwa tarakimu. Alifikiri. Alitazama kopo la pini.

"Sijui," akasema.

Mama aliinua macho. Katika ndoa yao ya miaka thelathini na minne hakuwa amewahi kulisikia neno lile kutoka kwa mtu yule, na inaelekea ndilo pekee ambalo angeweza kuliamini. Akamwita mwenye mkokoteni.

"Kaka, leo hatuhami. Pita Jumatatu uulize tena."

Mwenye mkokoteni akalalamika, na alikuwa na haki, kwani ameusukuma mtupu kutoka mbali. Mama akamwambia aache lile koti lake lililochanika kwapa, atalikuta limeshonwa. Akaenda zake ameridhika nusu.

Mzee Safi akaegesha brashi ukutani na kukaa kwenye benchi, mwisho kabisa, kama mteja wa mwisho. Haikupita saa akaja mwanamke wa jirani na shangazi yake, wakachungulia kwanza, wakamwona, wakasita. Alipowasalimia bila kuongeza neno, wakaingia. Walikuwa na mfuko mkubwa wa nguo za kupunguza na kuongeza. Wakaumwaga wote juu ya meza, juu ya koti la mwenye mkokoteni, mashati na sketi na shuka moja lisilojulikana limekuja kufanya nini. Mama akasukuma lundo kando kwa kiwiko, na daftari la foleni likaanguka sakafuni. Lundo likainama upande, likawa linateleza kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Mzee Safi akaweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, na cherehani ikaanza kulia.